Kofia ya Ngozi Yenye Herufi Moja: Tulivyomtafuta Mwenyewe



Ijumaa moja baada ya sala, kijana wa jamaa zetu wa hapa Dallas alitujia na mfuko wa karatasi wa dukani. Akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," tukamwitikia, kisha akatoa mfukoni kofia ya ngozi ya rangi ya kahawia, ya namna ile wanayoivaa marubani katika picha za zamani. Ilikuwa ya kubana kichwa, yenye vikombe viwili vya mpira mweusi kwenye masikio na ukanda wa kidevuni ambao bizimu yake imeshika kutu.

Aliinunua kwa dola 85 katika soko la Canton, lile soko kubwa la vitu vikuukuu linalokusanyika kila mwezi kuelekea Jumatatu ya kwanza, mwendo wa saa moja hivi mashariki ya Dallas. Muuzaji alimweleza kuwa kofia hiyo ilikuwa ya kijana wa Kiingereza aliyekufa akijifunza kurusha ndege mjini Terrell wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kijana wetu alikwisha kumpata mnunuzi, mtu wa kukusanya vitu vya vita, aliyekuwa tayari kutoa dola 400 kwa sharti moja tu: iwepo karatasi ya kueleza habari hiyo, imetiwa sahihi na mtu mwenye elimu. Mtu mwenye elimu ndio sisi.

Hatutaficha kwamba tulitamani kumsaidia. Karo yake ya chuo ilikuwa na pengo, na baba yake, ambaye ni sahibu yetu wa siku nyingi, alikuwa akifanya kazi zamu mbili. Lakini tumesomesha historia miaka mingi kabla ya kuhamia huku, na mwalimu wa historia anayetia sahihi jambo asilolijua bora angebaki nyumbani kwake akalima bustani. Tukamwomba atuachie kofia kwa wiki moja. Ikawa miezi mitano.

Kwanza yatupasa kuueleza mji wa Terrell, maana wengi wetu tunaupita kila tunapokwenda Canton au Louisiana na hatusimami ila kwa petroli. Uko maili 30 hivi mashariki ya Dallas. Mwaka 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, palifunguliwa hapo shule ya urubani ya kuwafundisha vijana wa jeshi la anga la Uingereza, kwa kuwa anga ya kwao ilikuwa imejaa ndege za adui na mawingu, na anga ya Texas ni kweupe na salama. Hadi vita vilipomalizika mwaka 1945 walikuwa wamepita hapo vijana zaidi ya 2,000, wakifundishwa na walimu raia wa Kimarekani. Takriban ishirini kati ya waliokufa mafunzoni wamezikwa hapo hapo Terrell, katika makaburi ya Oakland Memorial Park, na wenyeji wa mji wakayatunza makaburi ya watoto wa watu ambao mama zao walikuwa ng'ambo ya bahari. Sisi tuliozika ndugu zetu katika ardhi hii tunaelewa uzito wa jambo hilo bila ya kuelezwa.

Iko habari nyingine ya Terrell inayostahili kutajwa. Mwezi wa Februari 1943 ndege mbili za mafunzo zilizotoka shuleni hapo zilianguka katika milima ya kusini-mashariki ya Oklahoma wakati wa hali mbaya ya hewa, na vijana wanne wakafa. Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Kisha watoto wa shule ya msingi katika kijiji cha Rattan, kilicho karibu na milima hiyo, wakaifanya habari hiyo kuwa somo lao: wakauliza wazee, wakatafuta majina, wakachangisha fedha, na Februari 2000 ukazinduliwa mnara wa mawe mahali hapo. Watoto wa shule ya msingi! Tuliposoma habari hiyo tuliona haya kwamba tulikuwa tunaihesabu kazi ya kofia moja kuwa ni ngumu.

Basi muuzaji wa Canton hakubuni Terrell wala hakubuni vifo. Swali lilikuwa moja tu: je, kofia hii ilitoka huko?

Kitu cha jeshi husema chenyewe, mradi mtu asikiharakishe. Kofia za marubani wa Uingereza aghalabu zina mhuri wa taji pamoja na herufi A na M, yaani wizara yao ya anga, na nambari ya ghala inayoanza na 22C. Tulitafuta kwa taa na kwa kioo cha kukuzia, hatukuona taji wala nambari hiyo. Kilichokuwepo ni kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye bitana, kimechakaa mno, lakini maneno "Type A-11" yakisomeka, pamoja na maneno ya kuonyesha kuwa ni mali ya jeshi la Marekani. A-11 ni kofia ya ngozi ya majeshi ya anga ya Marekani, iliyotumika sana katika nusu ya pili ya vita.

Fauka ya hayo, iko ile mipira ya masikioni. Mwanafunzi wa urubani wa siku zile, katika ndege ya kwanza ya mafunzo, alikuwa hana redio. Mwalimu wake alikaa kiti cha mbele au cha nyuma akimsemesha kupitia bomba la mpira lililounganishwa na kofia, mfano wa kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo. Vikombe vya kofia yetu si vya bomba. Ni vya kushikilia visikizio vya redio. Mtu aliyeivaa alikuwa katika ndege yenye nyaya, na yumkini alikwisha maliza masomo.

Hapo kijana wetu, ambaye alikuja kutusikiliza akiwa amenuna, akauliza suali zuri. Alisema, "Lakini Mwalimu, kofia ni ndogo. Mimi hainienei. Haiwezi kuwa ya mwanamke?"

Hakuwa amekosea kufikiri hivyo. Wakati wa vita wanawake wa Kimarekani waliajiriwa kurusha ndege za jeshi ndani ya nchi: kuzihamisha kutoka viwandani, kuvuta shabaha za mazoezi, kuzijaribu zilizotengenezwa. Waliitwa WASP. Waliomba zaidi ya 25,000, wakahitimu 1,074. Darasa lao la kwanza lilianza Houston, katika uwanja wa ndege wa mji, mwezi wa Novemba 1942, kabla ya mafunzo kuhamishiwa Sweetwater, magharibi ya Texas. Kumbukumbu zao zimehifadhiwa Denton, katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Texas, si mbali na wengi wetu tunapoishi. Walikufa 38 kazini. Kwa kuwa walihesabiwa raia na si askari, serikali haikugharimia mazishi yao, na mara nyingine wenzao wakachangishana dola kidogo kidogo ili maiti ipelekwe kwao. Nani kati yetu hajapokea simu ya mchango wa namna hiyo? Waliingizwa katika haki za maveterani mwaka 1977, na nishani ya dhahabu ya Bunge wakapewa mwaka 2010, wengi wao wakiwa wameshatangulia.

Lakini kofia yetu haikuwa ya mwanamke huyo aliyefikiriwa, na sababu iko ndani ya sikio la kushoto. Tulipogeuza bitana tuliona alama ya wino usiofutika: herufi moja kubwa, na baada yake tarakimu nne. Kila askari wa jeshi la Marekani wakati ule alitia alama kama hiyo katika nguo zake ili zisipotee kwa dobi: herufi ya kwanza ya jina la ukoo, kisha tarakimu nne za mwisho za nambari yake ya jeshi. Wale wanawake, kwa kuwa ni raia, hawakuwa na nambari ya jeshi. Wala Mwingereza wa Terrell asingetumia alama hiyo.

Herufi yenyewe na tarakimu hatuzichapi hapa. Wasomaji waliokaa katika darsa wataikumbuka milango ya luqata: mwenye kuokota kitu aijue sifa ya chombo chake na kamba yake, akitangaze, na anayekuja kukidai ndiye aeleze sifa. Kofia hii ilinunuliwa, haikuokotwa, na sisi hatutoi fatwa. Lakini utaratibu huo ni wa busara hata kwa asiyekuwa Mwislamu, na tuliufuata.

Sasa ndipo ugumu ulipoanza. Idara ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani imeweka katika kompyuta orodha ya walioandikishwa jeshini wakati wa vita, majina kama milioni tisa, pamoja na nambari zao. Mtu anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Haikwisha. Kwa hesabu ya darasa la sita, tarakimu nne zina mipango 10,000, basi katika watu milioni tisa kila mkia wa tarakimu nne utajirudia mara 900 hivi. Ukichagua wenye herufi yako peke yao hubaki makumi ya watu, waliotawanyika kutoka Maine hadi California, na maofisa wengi hawamo kabisa katika orodha hiyo.

Na majalada kamili ya askari? Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kuhifadhia kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis lilishika moto. Yaliteketea majalada baina ya milioni 16 na milioni 18. Kwa waliotoka jeshini baina ya Novemba 1912 na Januari 1960 upotevu ni asilimia 80. Jeshi la anga la vita vile lilikuwa sehemu ya jeshi la nchi kavu, basi watu wetu wa kofia za A-11 wamo katika hasara hiyo. Zilizobaki ni njia za pembeni: ripoti za ndege zilizopotea na watu wake, orodha za mishahara, na hati za kuachishwa jeshi ambazo wengi, waliporudi nyumbani, walizipeleka kwa karani wa kaunti ziandikishwe nakala. Kwa wanaopenda mambo haya, maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas iliyoko Richardson ina hazina kubwa ya historia ya usafiri wa anga, na mgeni mwenye adabu hapati taabu kuhudumiwa.

Tunaomba radhi kutoka nje ya kofia kidogo. Usiku mmoja tukiwa na orodha hiyo mezani, tulifikiri juu ya Kariakoo. Kila mtoto wa Dar es Salaam anajua kuwa jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wazee wetu walibeba vyakula na risasi za wengine kutoka pwani hadi Rufiji na kusini yake, wakafa kwa njaa, kuhara na homa. Masanamu ya askari yaliyosimamishwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi yana maneno ya sifa, na hayana jina hata moja la aliyekufa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa hata kidogo. Kumbe fedha za Unguja zilipohitajiwa, jina lilipatikana upesi: katika vita hivyo hivyo ziliruka ndege za kivita za Waingereza zilizoandikwa ubavuni neno Zanzibar, kwa ajili ya mchango uliotoka huko. Ndege ilipata jina, hamali hakupata. Na sisi hapa tunahangaika na herufi moja ya mtu wa Texas. Tulikiri nafsini mwetu kuwa kulikuwa na uchungu ndani yake, na pia kwamba uchungu huo hauwi sababu ya kuacha kazi nusu.

Turudi kwenye kofia. Kilichotufungulia mlango hakikuwa kompyuta wala maktaba. Ni kijana mwenyewe, ambaye mwezi wa tatu alirudi Canton bila ya kuambiwa, akamtafuta yule muuzaji, akamuuliza suali ambalo sisi na elimu yetu yote hatukumtuma akaulize: "Wewe uliipata wapi?" Mtu yule, alipoona hakuja kudai fedha, alisema kweli. Alinunua sanduku zima katika nyumba moja ya Fort Worth, wenyewe walipouza vyombo vya wazazi wao waliofariki. Habari ya Mwingereza aliyekufa aliisikia kwa muuzaji mwenzake juu ya kofia nyingine, akaiona inafaa.

Akampa jina la mtaa. Katika daftari za umma za kaunti tukapata jina la ukoo la waliokuwa na nyumba hiyo. Lilianza na herufi yetu.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, kwa mkono, kwa binti wa nyumba ile, ambaye tulielezwa anaishi Houston. Tulieleza sisi ni nani, tumepata kitu gani, na kwamba hatuuzi chochote. Alama hatukuitaja. Tulimwomba tu, kama anayo karatasi yoyote ya jeshi ya baba yake, atuandikie tarakimu nne za mwisho za nambari yake. Wiki tatu zikapita kimya. Baba wa kijana akasema pengine mama huyo ameona jina la Kiislamu juu ya bahasha akaogopa. Sisi pia lilitupitia wazo hilo, na tukalionea aibu barua ilipofika, kwa kuwa alikuwa amelazwa hospitali.

Tarakimu zilikuwa zile zile nne.

Tukaondoka Jumamosi baada ya alfajiri, maili 240 kwa njia kuu nambari 45, kijana akiendesha, baba yake nyuma na kofia mapajani kama mtu aliyebeba sahani ya pilau. Bibi huyo, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, alitupokea kwenye kiti cha magurudumu. Ukutani ilikuwepo hati ya baba yake ya kuachishwa jeshi katika fremu, na nambari kamili, tarakimu nane. Kijana alitoa kofia, akageuza sikio la kushoto, akaisogeza karibu na kioo cha fremu. Hapana aliyesema neno.

Marehemu hakuwa rubani kabisa. Alikuwa mpiga bunduki wa nyuma katika ndege kubwa ya mabomu, ambayo huwa na watu kumi hivi na wote huvaa kofia. Marubani ni wawili tu. Alikuwa mtu mfupi, alisema binti yake, na ndiyo sababu walimweka mkiani mwa ndege, mahali ambapo mtu mzima hawezi kunyoosha miguu. Alirudi akiwa hai, akafanya kazi ya fundi bomba miaka thelathini, akafa kitandani kwake. Vita hakuvizungumza ila mara moja, alipomkuta mwanawe wa kiume, yaani kaka wa bibi huyu, akichezea kofia hii uani. Akamnyang'anya, na tangu siku hiyo hawakuiona. Waliposafisha nyumba walidhani sanduku lile lina vyombo vya kazi.

Alitaka kumlipa kijana dola 400, kwa kuwa tulikuwa tumemsimulia habari ya yule mnunuzi. Kijana alimtazama baba yake, baba akatazama zulia. Akapokea 85 zake na 20 za petroli. Pengo la karo lilizibwa na jamaa wawili ambao hawataki kutajwa, na bado limebaki kidogo, kama yuko mwenye nafasi.

Wakati wa kuondoka bibi alitushika mkono akauliza kwetu ni wapi. Tukamwambia Unguja. Akauliza kama huko nako watu walikwenda vitani, tukamwambia ndiyo, wengi. Akauliza kama tunayo majina yao.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, tunaomba hivi. Aliye na kipande cha babu yake aliyekuwa katika jeshi la King's African Rifles, au nishani yenye maandishi pembeni, barua kutoka Burma, cheti cha kuachishwa, hata karatasi ya pensheni iliyoliwa na mchwa, atuletee nakala ya fotokopi tu; kitu chenyewe abaki nacho nyumbani. Nyuma ya nakala aandike jina kamili, kijiji, na nani aliyemweleza. Tutakuwepo Ijumaa baada ya sala kwenye meza ya vitabu, karibu na viatu. Wa Houston wampe mjumbe wetu anayegawa gazeti hili.